Ufunguo wa Pili wa Gari: Uchonge Wapi, Ulipie Nini

Ufunguo wa gari ulio nafuu kuliko yote ni ule unaouchongesha wakati ule wa kwanza bado uko mfukoni mwako. Ukingoja upotee ndipo utafute mwingine, utamkuta fundi yuleyule na mashine ileile, lakini bili itakuwa imepanda mara mbili au zaidi, na juu yake kuna gari la kuvuta na siku ya kazi iliyopotea. Naliweka hili mbele kwa sababu magari mengi yanayoshushwa bandari za Dar es Salaam na Mombasa kutoka minada ya Japani huja na ufunguo mmoja tu. Mwenye gari hufurahia namba mpya, bima na mafuta, na ule ufunguo mmoja huzunguka kati yake, mkewe, dereva na wa kuosha gari mpaka siku unapokosekana.

Makala hii inalinganisha njia zilizopo: nani akuchongee, nani akuprogramie, unacholipia ni nini hasa, na ni wapi watu hutoa pesa bila sababu.

Jua kwanza ufunguo wako ni wa aina gani

Watu wengi huuliza bei kabla hawajajua wanachonunua. Funguo za magari yetu ni za makundi manne.

La kwanza ni ufunguo wa chuma kitupu. Hauna chochote ndani. Ukichongwa sawasawa, unafungua mlango na kuwasha gari. Malori na pikapu za zamani nyingi ziko hapa.

La pili ni ufunguo wenye chipu. Ndani ya kichwa cha plastiki kuna kipande kidogo cheusi, mara nyingi chenye urefu wa milimita 12 hivi, kisicho na betri. Unapouingiza ufunguo, koili iliyozunguka tundu la swichi huipa chipu nguvu kwa mawimbi ya redio, chipu hutaja namba yake, na kontroli boksi ikiitambua ndipo injini huruhusiwa kuwaka. Mfumo huu ndio immobilaiza. Ufunguo uliochongwa vizuri lakini usio na chipu iliyosajiliwa utafungua mlango na huenda ukazungusha stata, ila injini haitawaka, au itawaka na kuzima papo hapo.

La tatu ni ufunguo wenye chipu na rimoti kwenye kichwa kimoja. Hapa kuna vitu viwili tofauti: chipu inayowasha injini, na bodi yenye betri inayofungua milango. Kimoja kinaweza kufa na kingine kikaendelea kufanya kazi.

La nne ni smati kii, ya magari ya kubonyeza. Unakaa nayo mfukoni, unashika mlango, unabonyeza kitufe. Karibu zote zina ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ndani kwa ajili ya kufungulia mlango betri ikiisha.

Usidhani gari lako lina chipu kwa sababu la jirani linayo. Magari mengi ya soko la ndani la Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalitoka kiwandani bila immobilaiza, wakati katika Umoja wa Ulaya kila gari dogo jipya lilitakiwa kuwa nayo tangu Oktoba 1998. Ndiyo maana Toyota IST mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana: moja inahitaji ufunguo wa shilingi elfu chache za Tanzania, nyingine wa laki na zaidi.

Kupima ni rahisi. Zima gari, toa ufunguo, tazama dashibodi. Taa ndogo nyekundu inayopepesa, mara nyingi yenye picha ya gari na kufuli au ufunguo, ni dalili ya immobilaiza. Kisha zungushia kichwa cha ufunguo karatasi ya foili ya jikoni, tabaka mbili tatu, ukiacha meno wazi, na ujaribu kuwasha. Gari likikataa au likizima baada ya sekunde moja mbili, chipu ipo. Likiwaka na kuendelea kunguruma kama kawaida, kuna uwezekano mkubwa kwamba ufunguo wako hauhitaji kuprogramiwa chochote. Jaribio hili ni la ufunguo wa kuingiza kwenye swichi, si la smati kii.

Huenda ufunguo wako ni mzima

Kabla ya kununua mpya, ondoa sababu ndogo. Smati kii isiyosikika mara nyingi imeisha betri tu. Betri zake ni zile bapa kama CR2032, CR2025 au CR1632, zinauzwa madukani kwa bei ndogo, na namba imeandikwa juu ya ile ya zamani. Ukikwama barabarani, toa ule ufunguo wa chuma uliofichwa, fungua mlango, kanyaga breki, gusisha smati kii kwenye kitufe cha kuwashia, subiri mlio, kisha bonyeza. Toyota nyingi huwaka kwa njia hiyo hata betri ikiwa imekufa kabisa. Magari mengine yana sehemu yake maalumu ya kuuweka ufunguo, na kitabu cha gari hueleza iko wapi.

Kava likivunjika, usikubali kuuziwa ufunguo kamili. Kava tupu ni rahisi, na bodi huhamishwa kutoka la zamani kwenda jipya. Ila simama karibu wakati wa kuhamisha. Katika funguo nyingi zenye rimoti, chipu haipo kwenye bodi. Imechomekwa kwenye kishimo chake pembeni ya plastiki. Watu huhamisha bodi na betri, hutupa kava la zamani na chipu yake, halafu hushangaa milango inafunguka na injini haiwaki.

Fundi wa kuchonga wa mtaani

Huyu ana mashine yenye vishikio viwili: upande mmoja anabana ufunguo wako, upande wa pili ule ambao haujachongwa, na kijiti kinachofuata meno ya wako huongoza gurudumu linalokata mpya. Kwa ufunguo wa chuma kitupu, hakuna sababu ya kwenda pengine. Ni kazi ya dakika chache na ya shilingi elfu chache.

Mipaka yake ni miwili. Kwanza, mashine ya kunakili hunakili na uchakavu. Ufunguo uliotumika miaka 15 meno yake yamelika, na nakala yake itakwama pale ambapo wa kwanza nao hukwama. Mashine za kielektroniki hupima kina cha kila jino, huoanisha na vipimo vya kiwanda, na kuchonga ufunguo ulio sahihi kuliko huo ulioupeleka. Pili, hachongi kila kitu. Funguo bapa zenye mfereji uliopinda ubavuni, zilizo kwenye magari mengi ya karibuni, zinahitaji mashine ya aina nyingine.

Fundi mwenye mashine ya kuprogramu

Kwa wenye magari ya Japani, hii ndiyo njia ninayoipendekeza. Jijini Dar es Salaam utawapata Kariakoo, Gerezani na Ilala kwenye maduka ya vipuri, na Nairobi wako kando ya Barabara ya Kirinyaga, na wengi hukufuata ulipo. Vifaa vyao ni vya kampuni kama Autel, Xhorse na Lonsdor, zote za Shenzhen, China. Kuenea kwa vifaa hivi ndiko kulikoitoa kazi hii mikononi mwa mawakala peke yao.

Kazi ikifanyika mbele yako utaona hivi: fundi anachomeka waya kwenye tundu la pini 16 chini ya usukani, anachagua modeli na mwaka, kifaa kinamwonyesha funguo zilizosajiliwa ni ngapi, anaingiza ule wa zamani kisha mpya, na taa ya usalama kwenye dashibodi inazimika. Ufunguo wa zamani ukiwepo, mara nyingi ni shughuli ya dakika chache. Usipokuwepo, mfumo lazima ufutwe na kuanzishwa upya. Kwa Toyota kadhaa hatua hiyo peke yake huchukua dakika 16 ambazo haziwezi kuharakishwa, na kwa nyingine fundi hulazimika kuishusha kontroli boksi au boksi la immobilaiza na kusoma kumbukumbu yake moja kwa moja. Hapo ndipo bei inaporuka.

Muulize pia kama anaongeza au ananakili. Kuongeza ni kusajili chipu mpya yenye namba yake. Kunakili ni kutengeneza chipu yenye namba ileile ya zamani, gari lisitambue tofauti. Nakala mara nyingi ni rahisi na inatosha kama ufunguo wa akiba. Lakini ukipoteza mmoja wa pacha hao, huwezi kuufuta bila kuufuta na mwenzake.

Wakala rasmi

Wakala ana mambo matatu ambayo mtaani huna uhakika nayo: kipuri halisi, dhamana ya maandishi, na kumbukumbu ya kilichofanyika. Kwa gari lililonunuliwa jipya hapa nchini na bado lina dhamana, nenda kwake hata kama ni ghali. Kwa Mercedes-Benz, BMW, Volkswagen na Land Rover, wakala mara nyingi ndiye chaguo la kwanza, kwa sababu ufunguo huagizwa kwa namba ya gari lako hasa na hufika ukiwa tayari umeandaliwa. Jiandae kungoja, na jiandae kwa bili kubwa.

Kwa gari lililoletwa likiwa limetumika Japani, wakala si lazima akufae. Magari hayo yana namba fupi ya chesisi inayoanza na modeli, kama NCP60 ikifuatiwa na tarakimu, badala ya ile ndefu ya herufi na tarakimu 17. Piga simu kwanza, taja namba yako kamili ya chesisi, uliza kama wanaweza kuagiza ufunguo kwa namba hiyo na itachukua muda gani. Simu hiyo inaweza kukuokolea safari.

Kununua mwenyewe mtandaoni

Hapa ndipo penye mtego ambao wenye magari ya Japani huuingia mara kwa mara. Rimoti za soko la Japani hutumia masafa ya megahezi 312 hadi 315 hivi, na za Ulaya hutumia 433. Ukiagiza ufunguo mzuri, wa umbo lilelile na vitufe vilevile, lakini wa megahezi 433, chipu inaweza kusajiliwa na kuwasha injini, ila vitufe havitafungua mlango kamwe. Hakuna fundi atakayelirekebisha hilo kwa kuprogramu.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza, fungua ule ulionao na usome maandishi ya kwenye bodi. Kwa smati kii nyingi za Toyota, namba hiyo huanza na 271451 ikifuatiwa na tarakimu nne, na hizo nne ndizo zinazotenganisha ufunguo utakaofaa na usiofaa. Piga picha, mpe muuzaji, muulize masafa na aina ya chipu. Asipojua, tafuta mwingine.

Smati kii za mtumba, zilizotolewa kwenye magari yaliyokatwa, huvutia kwa sababu ni halisi na ni nafuu. Nyingi hujifunga kwenye gari la kwanza na hazikubali la pili mpaka zifunguliwe kwa kifaa maalumu. Nunua ya mtumba kwa fundi anayekuhakikishia itafanya kazi kwenye gari lako, si kwa mtu anayeuza na kuondoka.

Bei ina nini ndani yake

Bei hubadilika mara kwa mara kwa sababu vipuri hununuliwa kwa dola, lakini ngazi zake hazibadiliki sana. Kwa shilingi za Tanzania, ufunguo wa chuma kitupu ni wa maelfu. Wenye chipu ni wa makumi ya maelfu hadi laki na zaidi. Smati kii ni ya laki kadhaa. Funguo za magari ya kifahari ya Ulaya zinaweza kupita milioni.

Usikubali bei moja ya jumla. Mwambie fundi akutenganishie: ufunguo wenyewe, kuchonga, kuprogramu, na kukufuata ulipo. Kisha fanya hesabu ya hali mbili. Tarakimu zifuatazo ni za kukokotolea tu, badilisha kwa zile utakazopewa wewe.

Ufunguo wenye chipu, wa zamani ukiwepo: ufunguo 40,000, kuchonga 10,000, kuprogramu 60,000. Jumla 110,000.

Ufunguo huohuo, wa zamani ukiwa umepotea: ufunguo 40,000, kufungua mlango 30,000, kusoma kitasa na kuchonga bila sampuli 40,000, kuprogramu bila ufunguo hai 150,000, kukufuata ulipo 30,000. Jumla 290,000.

Kipuri ni kilekile. Zile 180,000 zilizoongezeka ni malipo ya kuchelewa. Na hapo gari halijavutwa wala hujapoteza siku.

Kama una bima kubwa, muulize wakala wako wa bima kama inagusa funguo zilizopotea au kuibwa. Usikisie, soma mkataba.

Usikubali kuzimiwa immobilaiza

Ukishapoteza funguo zote, kuna fundi atakayekupa njia ya mkato: auzime kabisa mfumo wa immobilaiza ili ufunguo wowote wa chuma uwashe gari. Ni nafuu, na kazi huisha mchana huohuo. Nakusihi ukatae. Watafiti waliochunguza wizi wa magari Uholanzi kati ya 1995 na 2008 waliona kwamba immobilaiza ilipunguza wizi kwa wastani wa asilimia 40 hivi. Ukiizima, unabaki na gari ambalo mwizi anahitaji bisibisi tu, na huenda kampuni ya bima ikakuhoji siku likiibwa. Hapa rahisi ni ghali kwelikweli.

Maswali ya kuuliza kabla hujatoa pesa

Funguo ngapi zimesajiliwa sasa, na zitakuwa ngapi ukimaliza? Kifaa chake kinaonyesha. Omba uone kwa macho yako kabla na baada. Gari ulilonunua kwa mtu likisoma funguo tatu na wewe una moja, mbili huenda ziko kwa watu usiowajua. Mwambie afute zote na asajili zako tu.

Je, zile nilizonazo zitaendelea kufanya kazi? Mfumo ukianzishwa upya, ufunguo usiokuwepo pale hufutwa. Nenda na zote.

Betri ya gari ina nguvu ya kutosha? Umeme ukishuka katikati ya kuandika, kontroli boksi inaweza kuharibika, na bei yake haifanani na ya ufunguo. Fundi makini hupima betri kwanza au huunga chaja.

Unahitaji hati gani? Fundi anayekuuliza kadi ya gari na kitambulisho cha taifa (NIDA) analinda gari lako na la mwenzako. Asiyeuliza chochote atamchongea yeyote. Ufunguo ukiibwa, chukua kwanza taarifa ya polisi ya kupotelewa na mali, utaihitaji kwa fundi makini na kwa bima.

Na usiache gari na ufunguo kwake kisha ukaenda zako. Kutengeneza ufunguo wa ziada kwa siri ni jambo la dakika chache.

Uamuzi

Gari lisilo na chipu: fundi wa mtaani, leo hiihii. Gari la Japani lenye chipu au smati kii: fundi mwenye mashine, ukiwa umehakikisha masafa na namba ya bodi, na kazi ikifanyika mbele yako. Gari la Ulaya la kifahari, au lolote lililo ndani ya dhamana: wakala rasmi. Mtandaoni: nunua kipuri tu, na kwa namba uliyoisoma kwenye ufunguo wako. Kuzima immobilaiza: hapana.

Kama bado hujanunua gari, muulize muuzaji ufunguo wa pili kabla ya kupatana bei. Usipokuwepo, ipunguze bei kwa kiasi hichohicho cha kuutengeneza.

Na ukishauchongesha, jaribu kila kitu palepale: mlango wa dereva, buti, swichi, vitufe vyote. Kisha usiutundike kwenye pete moja na wa kwanza, wala usiufiche ndani ya gari. Uache nyumbani kwa mtu unayemwamini, mahali ambapo mtu anaweza kukuletea siku ukipigwa na jua kando ya gari lililofungwa.